HDR bila kugeuza picha katuni: maswali ninayoulizwa kila wiki kuhusu programu na hatua za kazi

Napiga picha za ndani ya nyumba, gesti na hoteli ndogo, kazi nyingi ziko Mji Mkongwe hapa Unguja na mara moja moja Lamu. Maswali ninayopata inboksi ni yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa na majibu yake, ukiwa na haraka ruka moja kwa moja mpaka lile la programu ila lile la picha kuwa katuni usiliruke tafadhali.

HDR ni nini hasa, na kwa nini picha moja haitoshi?

Chukua chumba cha nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, kuta nene za mawe na chokaa, dari ya boriti, dirisha moja dogo linaloangalia bahari saa saba mchana. Ukiwa kwenye apecha (uwazi wa lenzi) f/8 na ISO 100 (wepesi wa sensa kupokea mwanga), huko nje penye jua unahitaji shata (muda wa kuingiza mwanga) kama 1/400 ya sekunde, afu ukigeuka upime kona ya kitanda inakwambia sekunde mbili na nusu. Hesabu mwenyewe: 1/400 mpaka sekunde 2.5 ni stopu kumi, na kila stopu ni mwanga mara mbili, maana yake nje kuna mwanga kama mara elfu moja kuliko kwenye kona ile. Na hapo hatujahesabu mawingu meupe yanayowaka wala uvungu wa kitanda. Jicho lako linazoea haraka unaona vyote, bahari unaiona na shuka unaiona. Kamera inachagua kimoja, ama dirisha limeungua jeupe kabisa ama chumba kimekuwa pango.

HDR (High Dynamic Range) ni kupiga fremu kadhaa za eksipoja tofauti, fupi kwa ajili ya nje na ndefu kwa ajili ya ndani, afu unaziunganisha upate picha moja yenye habari zote. Baada ya hapo kuna hatua ya pili ambayo wengi hawaijui kama ni hatua tofauti, yaani kuubana ule mwanga wote uingie kwenye skrini au karatasi ya kawaida ambayo haina uwezo wa kuuonyesha wote. Hatua ya kwanza karibu kila programu inaiweza. Ya pili ndo inayotofautisha programu na programu, na mtu na mtu.

Kwa hiyo kila picha niipige HDR?

Hapana. Sensa za kamera nyingi za miaka hii kumi zina stopu kumi na mbili mpaka kumi na nne kwenye RAW (faili ghafi la kamera) ukiwa ISO ya chini, na hiyo inatosha kwa mambo mengi sana. Machweo Forodhani, mtu kwenye kivuli cha mnazi, uchochoro saa kumi jioni, vyote hivyo piga RAW moja, eksipoja iwe ya kulinda anga lisiungue, afu vivuli utavipandisha kwenye kuediti. Kipimo changu ni hiki: angalia histogramu (grafu ya mwanga kwenye kamera, giza kushoto na mwanga kulia), kama ukilinda mwanga upande wa kulia vivuli bado vina kitu, basi fremu moja inatosha. Kama vimejikunja vyote ukutani kushoto ndo braketi, yaani zile fremu kadhaa za eksipoja tofauti. Ukipandisha vivuli zaidi ya stopu tatu kwenye kamera za bei ya chini utaanza kuona chenga (punje punje) na rangi ya zambarau kwenye giza, hapo ujue ungepiga braketi.

Naiseti vipi kamera?

Stendi ya miguu mitatu kwanza, na iwe nzito au itundikie begi. RAW sio JPEG. Apecha isibadilike, mimi f/8, ISO 100, kinachobadilika kati ya fremu na fremu kiwe shata peke yake kwa sababu ukibadili apecha kina cha fokasi kinabadilika na fremu hazitashikana vizuri. Fokasi weka ya mkono baada ya kuipata, maana kwenye fremu nyeusi kamera inaweza kuanza kutafuta tena. Waiti balansi ifunge sehemu moja. Zima kizuia mtetemo kwenye lenzi kama uko kwenye stendi, na tumia taima ya sekunde mbili au rimoti usiguse kamera.

Hatua za stopu mbili mbili zinatosha. Kwa chumba kile cha juu, kutoka 1/400 mpaka 2.5 ukienda kwa stopu mbili ni fremu sita: 1/400, 1/100, 1/25, 1/6, 0.6 na 2.5. Ila kwa vile kila RAW peke yake ina nafasi kubwa, mara nyingi napiga tatu mpaka nne nachagua baadaye. Kupiga tisa kwa stopu moja moja ni kujaza kadi tu. Jambo la kuangalia ni fremu mbili za mwisho: ile fupi kabisa, mawingu ya nje yasiwe yameungua hata kidogo, na ile ndefu kabisa, vivuli viwe vimekaa katikati ya histogramu. Hizo mbili zikiwa sawa zilizo katikati zitajipa.

Kitu kingine cha huku kwetu, ukitoka chumba chenye eisii ukaingia kwenye ua au barazani lenzi inapata ukungu papo hapo kwa joto na unyevu. Iache kamera nje ya begi dakika kumi na tano, ishirini, usifutefute.

Kamera yangu haina braketi ya otomatiki, nifanyeje?

Nikon za D3000 mpaka D3500 hazina, ni kweli, na watu wengi ndo walianza nazo. Canon ndogo nyingi zinayo ya fremu tatu mpaka stopu mbili kila upande. Kama huna, weka M (modi ya mkono) uzungushe gurudumu la shata mwenyewe, kwenye kamera nyingi kliki tatu ni stopu moja kwa hiyo kliki sita ni stopu mbili. Utaigusa kamera na itasogea kidogo lakini programu itapanga. Mwaka mzima nilifanya kazi hivyo na wateja hawakujua.

Haya sasa, programu gani?

Hapa watu wanataka nitaje jina moja nimalize, lakini inategemea unafanya nini na picha baada ya kuunganisha.

Kama tayari unatumia Lightroom usihangaike. Tangu 2015 kuna Photo Merge ndani yake, unachagua fremu unabonyeza Ctrl+H, inakupa DNG ambayo bado ina tabia ya RAW, yaani waiti balansi unabadili unavyotaka na slaida ya eksipoja inaenda mpaka kumi juu na kumi chini badala ya tano. Kilichonifanya nibaki nayo ni kwamba haikulazimishi mtindo wowote, inakupa faili tu afu unaediti kama picha ya kawaida. Matokeo yake ni ya asili. Ubaya ni malipo ya kila mwezi, na dirisha likiwa kali sana wakati mwingine pembeni ya fremu ya dirisha panabaki na kijivu kichafu ambacho slaida haziwezi kukitoa.

Photomatix Pro ni ya HDRsoft, ipo tangu 2003, unanunua mara moja. Ukiipakua ya majaribio haiishi muda, inaweka tu alama juu ya picha, kwa hiyo unaweza kukaa nayo mwezi mzima ukajifunza kabla ya kutoa hela. Nguvu yake ni kwamba ina njia nyingi za kubana mwanga na inafanya kazi kwa mafungu, unaipa folda la fremu mia mbili inazigawa tano tano inaendelea wewe unakula. Mtu wa nyumba za kupangisha mwenye vyumba thelathini kwa siku hii itamfaa. Lakini ndo hiyo hiyo iliyotuletea zile picha za mwaka 2008 zenye mawingu kama moshi wa tairi, kwa sababu slaida zake zinakuruhusu kufika huko. Anza na njia yake ya fyusheni (nimeieleza hapo chini), zile nyingine zije baadaye.

Aurora HDR ilitoka 2015, Macphun (siku hizi wanaitwa Skylum) pamoja na mpiga picha Trey Ratcliff. Kazi yake siku hizi imehamia kwenye Luminar Neo. Rahisi, presheti nyingi, nzuri kwa mandhari. Kwa vyumba naona inapenda kuongeza chumvi.

HDR Efex iko ndani ya Nik Collection. Google waliinunua Nik 2012, wakaigawa bure 2016, afu 2017 wakaiuza kwa DxO na ikarudi kulipiwa. Ukikuta mtu ana ile ya bure ya zamani bado inaweza kumfanyia kazi, lakini haipati marekebisho.

Za bure kabisa na za halali, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu wengi wetu hatuna kadi ya kulipia dola kila mwezi. Darktable inaediti RAW vizuri sana, na ina uwezo wa kuunganisha HDR, ila haizipangi fremu kwa hiyo stendi yako isisogee hata unywele. Ukishaunganisha, tumia moduli ya sigmoid au filmic rgb kubana mwanga, sigmoid ni rahisi kwa anayeanza. HDRMerge inatoa DNG na inapanga kidogo kama fremu zimehama upande, afu hiyo DNG unaifungua kwenye RawTherapee ambayo ina kifaa cha kubana mwanga kizuri mno. Luminance HDR ipo pia, ina njia nyingi za kitaalamu na ni nzuri kwa kujifunza kila njia inafanya nini, kwa kazi ya mteja mimi siitumii.

Ninayoipenda kuliko zote za bure ni Enfuse, inakuja pamoja na Hugin. Haina sura, unaandika amri, usiogope ni mistari miwili. Toa fremu zako kama faili za TIFF kutoka kwenye programu yoyote afu:

align_image_stack -m -a sawa_ f1.tif f2.tif f3.tif
enfuse -o tokeo.tif sawa_*.tif

Wa kwanza unazipanga, wa pili unazichanganya. Imekwisha. Laptopu yangu ya zamani ya RAM giga nne ilikuwa inaimudu, na chumba kinatoka cha kawaida, bila ule mng'ao wa ajabu ajabu.

Fyusheni na HDR yenyewe si kitu kimoja?

Sio kimoja. HDR yenyewe inajenga faili kubwa la katikati lenye mwanga wote, la biti 32 au DNG ya biti 16 za desimali, afu ndo linabanwa. Fyusheni haipiti kule. Inaangalia kila sehemu ya picha na kuuliza fremu ipi hapa ina kontrasti nzuri, ina rangi, na haijaungua wala haijazama, inachukua zaidi kutoka hiyo na kulainisha mipaka. Njia hii ilichapishwa 2007 na Mertens, Kautz na Van Reeth na Enfuse imejengwa juu yake. Kwa ndani ya nyumba naanza na fyusheni. Kwa mandhari, au kazi ambayo najua mteja atarudi kusema punguza hiki ongeza kile, nachukua DNG.

Kwa nini HDR zangu zinakuwa kama katuni?

Kwa sababu umesawazisha kila kitu. Programu inapobana mwanga kwa kuangalia maeneo madogo madogo, inaipa kila kona mwanga wake na kontrasti yake, matokeo yake hakuna tena mahali penye giza na mahali penye mwanga, vyote viko kijivu cha katikati na kila ufa wa ukuta unapiga kelele. Pale giza linapokutana na mwanga, tuseme paa na anga, unapata ule mstari mweupe unaong'aa kulizunguka paa. Kwenye slaida dalili yake ni nguvu kubwa na eneo dogo.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko slaida. Nyumba ya pwani ilijengwa makusudi iwe na kivuli. Kuta nene, dirisha dogo, daka unalopita kabla hujaingia ndani, vyote hivyo vipo ili jua libaki nje na wewe upoe. Nilipoanza nilikuwa natoa picha za vyumba vya Lamu zimewaka kama duka la simu, zidaka zote ukutani zinaonekana mpaka ndani, boriti zinang'aa, najiona fundi. Mzee mmoja mwenye nyumba akaziangalia kwa muda akaniambia, "Mwanangu, picha nzuri, lakini hapa si kwangu, kwangu kuna baridi." Nilirudi nikaziediti upya zote. Tangu siku ile kwenye kila chumba nachagua giza moja nisiloligusa, chini ya boriti au ndani ya daka, na dirisha naliacha liwe jeupe kiasi kuliko chumba kwa sababu ndivyo lilivyo. Nje ionekane bahari ipo, basi, haina haja ya kuhesabu majahazi.

Kwa vitendo: ukimaliza kuunganisha shusha hailaiti, pandisha vivuli nusu ya unavyotamani, afu ongeza kontrasti kidogo irudi. Klariti usivuke kumi, kumi na tano. Toka nje unywe chai, ukirudi angalia tena, karibu kila mara utapunguza.

Pangaboi na mapazia yanatoka mara mbili mbili.

Hiyo ni mizuka, kitu kimehama kati ya fremu na fremu. Dawa ya kwanza ni pale pale chumbani: zima pangaboi usubiri lisimame kabisa, funga dirisha kama upepo unapeperusha chandarua, waombe watu wasipite. Lightroom ina sehemu ya kuondoa mizuka yenye ngazi tatu, anza ya chini kwa sababu ile ya juu inachukua eneo kubwa kutoka fremu moja na unaweza kupata chenga pale. Photomatix inakuruhusu kuzungushia eneo mwenyewe, na kwa minazi inayoyumba nje ya dirisha ndo njia bora.

Na umeme ukikatika katikati ya braketi, anza upya tangu fremu ya kwanza, usijaribu kuokoa.

Taa njano, dirisha bluu, rangi zinagombana.

Hapa HDR haisaidii, inazidisha. Zima taa zote upige braketi moja kwa mwanga wa dirisha. Kama mteja anataka taa zionekane zinawaka, ziwashe upige fremu moja ya ziada baada ya braketi, afu ipake kwa maski kwenye Photoshop au GIMP pale kwenye taa tu, ukiwa umeipunguza unjano. Taa za LED za bei rahisi pia zinaleta mistari kwenye fremu zenye shata ya haraka, sababu nyingine ya kuzizima.

Dirisha langu bado linaungua hata na fremu tano.

Basi acha kulazimisha programu. Piga fremu ya nje peke yake, unganisha chumba peke yake, ziweke leya mbili na upake dirisha kwa mkono. Wapiga picha wa nyumba wanaongeza flashi: kamera imesetiwa kwa mwanga wa nje, flashi inamulika ukuta wa dirisha, afu leya ile inawekwa kwenye modi ya Darken na kupakwa pale kwenye vioo tu. Dakika tano kwa dirisha ukishazoea, na mistari inakuwa safi kuliko HDR yoyote.

Naweza kwa simu?

Simu yako inafanya HDR bila kukuuliza. Google walianza na HDR+ kwenye simu ya Nexus 5 mwaka 2013, na njia yao ni tofauti na yetu: inapiga fremu nyingi za haraka zote zenye giza kidogo ili anga lisiungue, inazijumlisha chenga zipungue, afu inapandisha vivuli. Ndo maana mkononi haitoi mizuka sana. Lightroom ya simu nayo ina modi ya kupiga HDR ya RAW kwenye baadhi ya simu. Ile HDR Scape ya Snapseed ni filta juu ya picha moja, haina habari mpya yoyote, kama dirisha liliungua litabaki limeungua.

Na hii HDR ya skrini wanayoizungumzia sasa?

Jina moja, kitu kingine. Miaka yote tumekuwa tukibana mwanga uingie skrini ya kawaida, sasa kuna skrini zinazoweza kuwaka zaidi na picha inaweza kuachwa iwake kweli. Android 14 ya 2023 ilileta Ultra HDR, JPEG ya kawaida yenye ramani ndani yake inayoiambia skrini wapi iongeze mwanga, na Lightroom mwaka huo huo ikaanza kuediti hivyo. Kwa mteja wa hoteli bado natoa ya kawaida ya sRGB. DNG zako zitunze, siku akitaka hiyo nyingine habari zote zimo.

HDR si ni uongo wa kompyuta tu?

Gustave Le Gray, Mfaransa, miaka ya 1850 alikuwa anapiga bahari, na kemikali za wakati ule zilikuwa zinaunguza anga likatoka jeupe. Akawa anapiga negativu moja ya anga na nyingine ya maji, anazichapa karatasi moja. Kompyuta ipi?

Nikitumia programu ya kraki kuna shida?

Ipo. Nilishawahi kuweka moja, siku ya tatu faili zote za laptopu zikafungwa na ujumbe wa kudai hela, kazi ya siku mbili ya gesti nzima ikapotea na ilibidi nirudi kupiga bure. Za bure za halali nimeshazitaja juu, na zinatosha kuanzia kazi ya kulipwa.

Nafasi ya diski inaisha haraka, nitunze nini?

RAW ya megapikseli 24 ni kama MB 25 mpaka 30, ukipiga tano kwa kila kona ya kamera unakaribia MB 150, vyumba ishirini kwa kona moja moja ni giga tatu. TIFF ya biti 16 ya picha hiyo hiyo ni MB 144 moja peke yake, kwa hiyo TIFF za katikati za Enfuse zifute ukimaliza. Mimi natunza RAW zote kwenye diski mbili mpaka mteja amalize kulipa na miezi sita ipite, baada ya hapo nabaki na DNG iliyoungwa, fremu fupi kabisa na fremu ndefu kabisa. Mteja anapata JPEG mbili za kila picha, kubwa ya kuchapa na ndogo ya pikseli 2048 kwa ajili ya mtandaoni, na ndogo ndo ninayotuma kwanza WhatsApp kama dokyumenti, kwa sababu ukiituma kama picha wanaiminya na ule upole wote wa vivuli ulioutafuta unageuka madoa.